Taa Zinazofuata Mwezi

Usiku wa giza, ukisimama kwenye mwinuko wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ukatazama magharibi, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Taa zimetapakaa, nyingine karibu na ufuko hata unasikia watu wakiitana, nyingine mbali mno, zimekaribiana na nyota usijue ipi ya juu na ipi ya chini. Ni wavuvi wa dagaa. Tulipokuwa watoto, majira ya joto mama alitutandikia mkeka uani akatuambia tuzihesabu, na hapana hata mmoja wetu aliyefika mia kabla ya kulala. Wakati ule zilikuwa karabai. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya mafuta ya taa kwanza, ya samaki baadaye.

Wiki ya tatu sasa nipo Karema kwa sababu ya maradhi ya mama. Mchana nampikia uji na kumsogezea kiti kivulini. Usiku, akishalala, nakaa uani palepale na kuzihesabu taa tena, safari hii kwa jicho la fundi. Kazi yangu iko ng'ambo ya ziwa, Kalemie, nchini Kongo, na ni kazi ya taa hizohizo.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuko watu wanne, chumba kimoja karibu na soko, meza mbili, kompyuta moja, na madaftari mengi kuliko unavyotarajia kwa watu wanaojiita wa teknolojia. Tunawauzia wavuvi taa za betri na paneli za sola kwa mkopo, na tumeandika programu inayohesabu malipo. Mvuvi analipa kidogo kidogo kwa simu, anatumiwa tarakimu, anazibonyeza kwenye taa kama mtu anavyoingiza umeme wa LUKU, na taa inawaka kwa siku alizolipia. Siku zikiisha, taa inajifunga. Mtindo huu sikuubuni mimi. Ulipata nguvu baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ikawezekana kumkopesha mtu asiye na akaunti benki. M-KOPA ya Kenya ikaanza kuuza sola namna hii mwaka 2012. Mimi niliuchukua ukiwa tayari, nikauvusha ziwa mwaka 2022, mwaka ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki na vijana wengi wa huku tulidhani kwamba mpaka umekwisha.

Nitaanza na kosa langu, maana karibu yote niliyojifunza yalianzia pale.

Programu yetu ya kwanza ilifuata kalenda. Malipo yalikuwa kila tarehe mosi, na aliyechelewa alipewa siku tano za subira. Kabla ya Kalemie nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miaka tisa nikiandika programu za maduka na shule, na mjini mwezi ni mwezi wa mshahara: tarehe 28 watu wanacheka, tarehe 15 wanakopa unga. Sikujiuliza swali lolote. Mtoto wa Karema, niliyelala nikihesabu taa, nilisahau kwamba mvuvi wa dagaa hana tarehe mosi wala tarehe 30. Ana giza na mbalamwezi. Dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa na taa haina tena la kumwitia samaki, kwa hiyo kwa siku kadhaa mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, watu wanaoza binti zao na kwenda kuhani misiba waliyoshindwa kuifikia. Giza likirudi kazi inarudi, na pesa inakuja siku chache baadaye, dagaa wakishaanikwa na kupata mnunuzi.

Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Miezi kumi na miwili ya angani ni siku 354, kwa hiyo kila mwaka kalenda ya ukutani inaachana na kalenda ya ziwa kwa siku kumi na moja. Tarehe ya kulipa ambayo mwaka huu imeangukia siku za neema, mwakani itaangukia siku ambazo mtumbwi umelala mchangani. Mtu akikosa kulipa, mashine inamwandika mkaidi. Nilikuwa na orodha ya wakaidi kwenye kompyuta, imepangwa vizuri, na niliiamini.

Ikawa Septemba, mwaka wa pili wa kazi. Mtumbwi mmoja ulikuwa mbali na nchi kavu, una watu saba na taa zetu nne, na mwenye mtumbwi alikuwa amepita siku zake tano za subira. Programu ilikuwa imeagizwa kufunga taa saa sita ya usiku, tarehe inapobadilika. Lakini saa iliyomo ndani ya taa nilikuwa nimeirekebisha kwa saa ya Tanzania, na Kalemie iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo saa tano usiku, saa ya kule, taa zote nne zikazimika kwa pamoja. Wavu ulikuwa umeshashushwa. Mtandao wa simu hakuna. Kusi lilikuwa limeanza kuvuma. Wale watu saba walikaa gizani mpaka alfajiri, wakipokezana kupiga makopo na masufuria ili boti zenye injini zisiwagonge.

Walirudi wote wazima. Nalisema mapema kwa sababu hata mimi nikilisimulia huwa nataka kulifikia hilo haraka.

Mwenye mtumbwi ni mama mjane. Alikuja asubuhi na vijana wawili, akaziweka zile taa nne mezani kwangu moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili cha kule: "Mwana wangu, makuta yako ilikuwa ingali ndani ya mayi." Pesa yangu ilikuwa bado iko majini. Akaketi akanyamaza, akasubiri niseme mimi, na sikuwa na la kusema. Kila sentensi niliyoitunga kichwani ilianza na neno "mfumo", na nilijua kwamba mfumo ulikuwa ni mimi.

Tangu siku ile sijaandika amri yoyote ndani ya programu bila kuwaona wale watu wakipiga makopo.

Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, malipo yakahamishwa kutoka kwenye tarehe yakafuata giza: mteja analipa siku ya kumi tangu mitumbwi iingie ziwani, lini kwa kalenda ya ukutani haituhusu. Haikuwa kazi ngumu. Hesabu ya mwezi inajulikana miaka na miaka mbele, na ilinichukua siku mbili tu kuiandika, jambo linaloniumiza zaidi kuliko kama ingenichukua miezi miwili. Pili, taa yetu haizimiki tena usiku kwa ajili ya deni. Siku zikiisha, inaendelea kuwaka mpaka jua litoke, ndipo inajifunga, mtu akiwa ufukweni penye mtandao na penye watu. Wapo wanaolitumia hilo kutukwepa usiku mmoja mmoja. Nawajua, na nimeamua kwamba hasara ile ni sehemu ya bei ya taa. Anayetengeneza chombo cha kutumika juu ya maji yenye kina kinachofika mita 1,470 hana haki ya kukiweka mikononi mwa karani.

Halafu ukaja mwaka 2024. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Hapo hata mwezi wa angani haukutosha kuwa kalenda. Tulikaa wanne mezani tukakubaliana kuzigandisha siku za wateja wote: hakuna kulipa, hakuna kudaiwa, taa ziwake nyumbani watoto wasomee. Tuliishi kwa kutengeneza redio na kufunga sola kwenye maduka ya dawa. Agosti walirudi karibu wote na kuendelea kulipa pale walipoachia. Sikuwa nimewahi kuona orodha ya wakaidi ikiwa fupi kiasi kile.

Hapa Karema jambo la watu kuja na vyombo kutoka mbali si geni. Nikitoka uani kwa mama nikapanda kidogo nafika penye misheni, mahali ambapo Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walianza kujenga boma mwaka 1879. Walitaka kituo penye maji, chenye bandari. Wasichokijua ni kwamba ng'ambo, mahali ilipo Kalemie leo, mto Lukuga ulikuwa umetoka kuvunja kizuizi cha matope na matete kilichouziba, na ziwa zima lilikuwa limeanza kushuka. Lukuga ndio mlango pekee wa ziwa hili kutokea. Katika miaka kama kumi na mitano maji yalishuka karibu mita kumi, na boma lililojengwa ili liwe jirani wa ziwa likajikuta linalitazama kwa mbali. Mwaka 1885 waliliachia wamisionari, wale Mapadre Weupe, nao wakalifanya kanisa, shule na zahanati.

Nilisoma shule palepale na kulisikia jambo hilo kama somo la historia. Ilinibidi niende Kalemie, nikasimame juu ya daraja la Lukuga, ndipo nielewe kwamba sababu ya jambo lililowapata watu wa upande mmoja ilikuwa upande wa pili, na kwamba wenyeji wa pale penye mto huenda wangewaambia kama wangeulizwa. Miaka ya karibuni ziwa limegeuka, limepanda, limeingia kwenye nyumba za watu pande zote. Chumba chetu cha kazi tumekipangisha juu, penye mlima, ingawa kodi ni kubwa na wateja wanalalamika kupanda. Aliyetushauri ni mzee anayeuza mkaa jirani, alitaja mpaka mti ambao maji yalifika enzi za baba yake.

Wabelgiji haohao walikuwa na mpango mwingine. Mwaka huohuo wa 1879 waliletewa tembo wanne kutoka India, waliofundishwa kazi, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, ili wabebe mizigo mpaka Tanganyika na pia wasaidie kuwafunza tembo wa Afrika. Njia ilikuwa tayari na wenyewe wanaoijua: wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliozijua bei, visima, na machifu wa kupatana nao. Tembo walianza kufa njiani. Mmoja ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi. Baadaye hata meli yao ndogo ya mvuke ililetwa vipandevipande juu ya vichwa vya watu. Nimezitazama picha zilizochorwa za tembo wale wakiwa na shehena mgongoni na kila nikizitazama nawafikiria zaidi wapagazi waliosimama kando, ambao hakuna aliyewauliza mzigo ule ungefungwaje.

Nina sababu ya kuwafikiria. Mwaka wa kwanza Kalemie nilileta kutoka Dar es Salaam masanduku ya plastiki ya kuhifadhia betri mtumbwini, mazuri, yana mpira wa kuzuia maji. Joto la mchana liliyapinda, mpira ukalegea, maji yakaingia, betri tisa zikafa. Kijana mmoja anayechonga mitumbwi alinitazama wiki nzima nikiyabandika gundi, mwishowe akanichongea sanduku la mbao, akalipaka lami ileile wanayozibia nyufa za mitumbwi, akaliweka kwenye sehemu ya mtumbwi ambayo mimi sikujua kwamba haifikiwi na mawimbi. Sasa ndiye mmoja wa wale wanne. Namlipa sawa na ninavyojilipa.

Mambo mengine ni madogo, ila yanakula siku za mtu asiyeyajua. Dola Kongo inapita kama pesa ya nyumbani, lakini noti yenye mchaniko wa ukubwa wa ukucha hakuna atakayeipokea, wakati faranga iliyochakaa kama jani la mgomba inapokelewa bila neno. Nilipoteza dola mia na arobaini kwa kutokagua noti, na mimi nilikuwa mtoza fedha wa darasa. Hesabu za kampuni lazima ziandikwe kwa Kifaransa, kwa mpangilio wa OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao Kongo iliuingia mwaka 2012. Ukipeleka daftari lako la Kitanzania, hata likiwa safi vipi, unarudishwa nalo. Tulimtafuta mhasibu wa kule siku ya pili. Ningemtafuta siku ya kwanza.

Lugha nilidhani ninayo. Kalemie wanasema Kiswahili tangu alfajiri mpaka usiku, na Mtanzania akifika anajiona yuko nyumbani, jambo linalomfanya aache kusikiliza. Karatasi ya maelekezo tuliyoiweka ndani ya kila boksi la taa niliiandika kwa Kiswahili sanifu, nikajivunia. Samaki ambaye Karema ni dagaa, kule ni ndagala, na ukishuka Mpulungu, Zambia, ni kapenta. Samaki mmoja, ziwa moja. Neno "dagaa" walilielewa, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba karatasi nzima ilisikika kama taarifa ya habari ya redio ya nchi nyingine, na mtu akiwa na shida saa kumi ya alfajiri hasomi taarifa ya habari. Binti anayepokea wateja wetu aliiandika upya, kwa mayi na kwa makuta, mistari tisa. Simu za kuuliza zilipungua wiki ileile. Kiswahili sanifu nakipenda, nimekisomea na ndicho ninachoandikia hapa. Lakini haikuwa haki yangu kumvisha lugha hiyo mtu aliyenunua kwa pesa yake kifaa cha kumsaidia kazi.

Sasa niseme juu ya meli.

Mama aliolewa Karema akitokea Kalya, na alikuja kwa meli ya Liemba. Enzi hizo Karema haikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi ikaikimbilia ikigombania ubavu wake. Watu, magunia, mbuzi na magodoro vilishuka na kupanda kwa kamba na kwa mikono. Mama anasema alishushwa na mikono ya watu asiowajua, na kanga mpya ikaangukia ziwani. Sasa tuna bandari yenye gati la kweli, iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47, iliyojengwa kwa kuitazamia mizigo ya Kalemie na Moba. Hapo ndipo nilipokusudia kuvukia na mama kumpeleka kwa daktari, kama angeweza safari.

Liemba ilizaliwa na jina jingine. Ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikatiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter na wenzake wawili, walikuja nayo kuiunganisha, na mamia ya wafanyakazi wa huku ndio walioipigilia misumari. Iliingia majini Februari 1915. Mwaka mmoja na miezi baadaye vita viliwaelemea Wajerumani, ikaamriwa izamishwe isije ikatekwa. Mafundi waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kila mahali, kwa uangalifu.

Nimelifikiria tendo hilo miaka mingi. Hawa ni watu walioshindwa, wana amri ya kuharibu, adui yuko njiani. Wangeweza kupiga nyundo mara tatu wakaondoka. Wakakaa wakapaka grisi. Walitumaini kuirudia wenyewe, bila shaka, hawakuirudia. Waliokuja kuiinua mwaka 1924 walikuwa Waingereza, adui zao wa jana, nao wakakuta injini bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, na ikaendelea kuwapakia watu wa ufuko huu hata baada ya wote waliopigana kwa ajili yake kufa. Mama yangu aliteremshwa mbele ya nyumba ya mumewe kwa sababu kuna mtu alipaka grisi mwaka 1916.

Kutokana na hilo tumeweka desturi moja. Kila taa tunayoitoa, mchoro wa nyaya zake umebandikwa ndani ya mfuniko, kwa rangi, na majina ya vipuri vinavyopatikana soko la Kalemie. Skrubu ni za kawaida, zinafunguka kwa bisibisi ya fundi baiskeli. Wenzangu wa biashara hii wameniambia kwamba najiharibia, kwamba mteja akijua kutengeneza hatarudi, na kwamba mshindani atanakili. Mshindani amenakili. Mteja anarudi. Na hata asiporudi, taa yake inawaka, na hiyo ndiyo kazi niliyomwambia kwamba nimekuja kuifanya.

Karema pia ilimpata mgeni wa namna nyingine. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na mto Niger, sehemu ambayo leo ni Mali, akauzwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea tiba. Mwaka 1889 alifika hapa, kijana, na dawa zake. Alioa hukuhuku. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Bibi yangu alilitaja jina lake kama mtu anayemtaja jirani wa nyumba ya tatu, hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa ametoka mbali kiasi kile, nililijua nikiwa mtu mzima. Wabelgiji wa boma walikaa miaka sita, na ni wao walio vitabuni zaidi.

Sijui kama nitakaa Kalemie miaka 67; mama yuko huku na mimi ni mtoto wake wa pekee aliye hai. Ndiyo maana nimewauliza wenzangu watatu kama watakubali kuandikwa kuwa wenye kampuni pamoja nami, kila mmoja na fungu lake, kwenye karatasi za Kifaransa zenye mhuri. Wamekubali. Karatasi ziko kwa mhasibu. Maneno ya siri ya programu yako ndani ya bahasha mbili, moja kwa binti wa mapokezi, nyingine kwa mchonga mitumbwi, na wote wawili wanajua kuisogeza hesabu ya mwezi iwapo nchi zitatangaza tena kufunga ziwa.

Giza la mwezi huu lilianza Jumanne. Tangu siku hiyo taa zetu mia moja na nane zimekuwa ziwani upande ule bila mimi, na simu iliyoingia jana usiku kutoka Kalemie ilikuwa ya kumjulia hali mama.